Kaburi la Filamu

Jumamosi, Machi 8

Mvua bado. Migomba iliyo juu ya mfereji inanyauka, iliyo chini inakunywa. Mbaabu, mume wangu, anasema ukame wa mwaka huu umefukuza hata vyura, wamehamia Chuka.

Lorna amepiga simu. Anakuja nyumbani, na safari hii si Krismasi ya siku mbili, ni mwezi mzima. Anatengeneza filamu yake mwenyewe, na anataka kuipigia hapa Mitunguu, katika boma la Mama. Mama ameimba jikoni mpaka uji ukafurika.

Mimi sikuimba. Mbaabu aliniuliza mbona nimenuna, nikasema nina masahihisho ya gredi ya tano. Ni kweli ninayo. Lakini Lorna ni mdogo wangu wa pekee, na Mwendwa ni mtoto aliyezaliwa na Lorna nikamlea mimi. Aliniachia akiwa wa miezi minne, akaenda kuzunguka mashuleni na kikundi cha kuigiza vitabu vya mitihani. Mimi na Mbaabu Mungu hakutujalia wa kwetu. Mwendwa sasa ana miaka kumi na tatu na anajua kila kitu, hatujawahi kumficha. Lorna anamwita anti, mimi ananiita mami. Mtu haji mwezi mzima bila kutaka kitu.

Naandika hapa kwa sababu Mbaabu amechoka kunisikiliza. "Mwalimu," aliniambia, "hayo maneno peleka kwa karatasi. Karatasi haina masikio ya kuuma."

Alhamisi, Machi 13

Vumbi. Mwewe amechukua kuku wa Mama.

Jumapili, Machi 16

Amefika katikati ya mahubiri. Angeweza kufika kabla au baada, lakini Lorna ni Lorna. Gauni la kijani, miwani ya jua mikubwa, nywele za bandia hadi kiunoni, na manukato yaliyoingia kanisani kabla yake. Mchungaji alipoteza mstari wa Biblia, akasoma mwingine. Vijana wa kwaya walitoa simu zao bila haya.

Nchi nzima inamjua. Amekuwa kwenye mabango ya sabuni. Kwa miaka sita alikuwa kwenye mchezo wa runinga wa kila Alhamisi, na filamu moja ilimpeleka Lagos akarudi na tuzo ambayo Mama ameiweka kabatini karibu na picha yake ya harusi. Mafundi wa cherehani hapa sokoni wana mshono wanaouita Lorna: bega moja lipo, lingine halipo.

Nje ya kanisa, Mama Ruguru anayeuza nyanya alikataa mkono wake.

"Wewe si ndiye uliwekea mzee wa watu sumu kwa chai?"

Lorna alicheka. "Mama, hiyo ilikuwa runinga."

"Hata kama. Mkono si ni huo huo?"

Mchana Mama alimpikia mukimo, ndizi za kuponda. Alikula vijiko viwili, akasema ameshiba. Mama alitazama ile sahani, akaifunika. Nairobi imempa ulimi wa kizungu, chakula chetu hakimfai tena.

Jumatano, Machi 19

Mvua imeanza saa tisa, ya mawe kwanza, kisha ya adabu. Na ndani ya mvua hiyo Lorna ametangaza kwamba Mwendwa ataigiza. Hadithi ni ya mama mfanyabiashara anayekufa na binti anayemzika. Lorna ndiye mama. Mwendwa amerukaruka sebuleni kama ndama. Nimemfuata Lorna jikoni.

"Umekuja kumchukua?"

"Cici, wacha nikunywe chai kwanza." Ndivyo anavyoniita tangu utotoni.

"Hunywi. Unaizungusha tu."

"Nimekuja kazi."

"Na hiyo kazi yako lazima iwe na mtoto wangu ndani?"

"Mtoto wetu," akasema.

Kwa miaka yote hii hakuwahi kusema "wetu". Niliosha sufuria kwa kelele nyingi kuliko zilivyohitaji.

Jumatatu, Machi 24

Leo wamechimba kaburi. La filamu, lakini futi zote ziko. Wamelichimba chini ya boma, wakaweka msalaba ulioandikwa Kathambi. Ni jina la yule mama wa hadithi, na ni jina la Lorna pia.

Mama alishuka na fimbo yake. Dairekta ni kijana mpole wa Siakago, kule Mbeere, anaitwa Kivuti. Mama alimsimamia.

"Hiyo shimo ni ya nani?"

"Ni ya mtu wa filamu, cucu," alijibu, kama anayemwita bibi yake. "Ni jina tu."

"Jina tu? Na mwenye jina si huyo amesimama hapo na miwani?"

Kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi wazi, wala halifukiwi tupu. Maiti isipofika, mgomba unakatwa, unalazwa humo kwa sala na kufukiwa, ili shimo liache kumngoja mtu. Shimo lililoachwa hivi hivi, watu husema limelala njaa.

Kivuti alikuna kichwa. "Hata kwetu Mbeere ni hivyo, cucu. Tukimaliza tutaweka mgomba. Naapa."

Lorna alimkumbatia Mama, akamwita mshamba wake mtamu. Mama hakucheka.

Jumanne, Machi 25

Mvua. Hawakupiga picha.

Jumatano, Machi 26

Mvua. Vyura wamerudi kutoka Chuka, wote wako kaburini.

Jumamosi, Machi 29

Asubuhi Kivuti amefika na kamera zake na kukuta tuta la udongo, limepigwapigwa vizuri kwa jembe, na maua juu. Alisimama pale kama mtu aliyeibiwa gari.

"Nani amefukia?"

"Sisi," alisema Mbaabu. Walikuwa yeye na Bundi, jirani yetu anayechimba makaburi yote ya upande huu. "Kaburi imelala njaa siku tano, na mama mkwe halali. Tuliweka mgomba. Tuliimba hata nyimbo mbili."

"Lakini tulikubaliana tukimaliza!"

"Mvua haikukubali," alisema Bundi.

Lorna alicheka mpaka akaishiwa pumzi. Kisha kicheko kikageuka kikohozi, akaugeukia ukuta wa zizi na kukohoa kwa muda mrefu, kitambaa mdomoni. Nilimwambia aache hizo sigara za mastaa. Akanijibu kwa kidole gumba, bila kugeuka.

Jumatatu, Machi 31

Tumepata asubuhi moja kavu. Wamelifukua shimo, wakautoa mgomba wa Mbaabu ukiwa mweusi na wenye utelezi, wakautupa kando ya ua. Mwendwa nilimwombea ruhusa shuleni, na mimi nikasema naumwa na jino.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Jeneza linashushwa, binti anapiga magoti ukingoni, anaita "Mama!" na kumwuliza anamwachia nani. Jeneza lilikuwa tupu, kwa hiyo Lorna hakuhitajika. Alikuja hata hivyo. Hakuwa na vipodozi, wala zile nywele, alijifunga leso kichwani na kuvaa koti kuukuu la Mbaabu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kamera, akavaa vile vidude vya kusikilizia sauti, akafumba macho.

Sikujua mtoto wangu ana sauti ile. Ilitoka chini tumboni. "Mama! Mama, unaniachia nani?" Wabeba taa waliacha kutafuna miraa. Mama yangu alijifunika uso na shuka. Mimi mwenyewe, ninayejua jeneza lile lilikodishwa Nkubu, nililia.

"Safi!" alisema Kivuti. "Hiyo imeisha."

"Rudia," alisema Lorna, macho bado kayafumba.

Wakarudia. Ikawa nzuri zaidi.

"Rudia."

"Madam, shida ni nini?"

"Upepo."

Hapakuwa na upepo. Wakarudia, na tena, na tena. Kila mara Mwendwa alipiga magoti kwenye tope na kumwita mama aliye kwenye sanduku tupu, na kila mara yule mwanamke kwenye kiti alisema rudia. Sauti ya mtoto ilianza kupasuka. Ndipo nilipoingia mbele ya kamera yao.

"Lorna, huyu si punda."

Alivua vile vidude polepole. Macho yake yalikuwa mekundu, nikadhani ni moshi wa jenereta.

"Basi," akasema. "Nimesikia."

Mvua ikatuangukia hapo hapo. Watu walikimbiza kamera, vijana wakalifukia shimo mbio mbio kwa majembe, kila mtu akakimbilia chai. Nilirudi nyumbani nimekasirika hata nikashindwa kula. Dada yangu hajali mtu, anajali picha. Akijaribu kuondoka na Mwendwa nitalala mbele ya gari.

Ijumaa, Aprili 4

Shule zimefungwa. Mwendwa ameshuka darasani, na najua ni nani wa kulaumiwa.

Jumatano, Aprili 9

Wapiga picha wameondoka jana. Lorna amebaki.

Mchana nilimpa githeri, mahindi na maharagwe, akaanza mchezo wake wa kuhesabu mbegu za mahindi. Nikachoka. Nikamwambia mbele ya Mbaabu, "Kama chakula chetu kinakutia kinyaa sema, tuagize pizza Meru mjini."

Aliinuka, akanishika mkono, akanipeleka migombani. Majani yalikuwa yakidondosha maji ya mvua juu yetu.

"Ni koo, Cici," alisema. "Ile ya Baba."

Huku kwetu neno hilo halihitaji daktari wa kulieleza. Kila boma limezika mtu wa saratani hiyo. Baba alianza kwa kuacha mukimo, akaacha githeri, akaacha uji, mwisho akaacha maji. Niliyaona yote nikiwa msichana mkubwa, na bado wiki tatu nzima nimeitazama sahani ya dada yangu na kuona maringo.

"Tangu lini?"

"Tangu Oktoba. Walinichoma choma na mionzi, wakanipa dawa. Sasa wanasema nipumzike. Unajua daktari akikuambia upumzike."

"Na Mwendwa?"

"Sikuja kumchukua. Nimpeleke wapi?" Alijaribu kucheka. "Nilitaka filamu moja nikiwa bado na uso. Na nilitaka..." Alisimama kidogo, akameza mate kwa taabu, nikaona jinsi yalivyomuuma. "Siku ile kwa shimo nilikuwa nasikiliza tu. Kivuti alikuwa na ile ya kwanza, ilitosha. Lakini nilikuwa nimefumba macho. Ukifumba macho, ni kama anakuita wewe."

"Lorna."

"Najua si mimi anaita. Mimi ni muigizaji, najua. Nataka aniite mama mara moja, Cici. Mara moja, na kamera isiwepo. Niombee kwake. Mimi nikiomba itakuwa ni kama natoa amri."

Nilimkumbatia. Amebaki mifupa na manukato. Nilimwambia nitamwomba. Ningemwambia chochote.

Ijumaa, Aprili 11

Mama ameambiwa. Hakupiga mayowe. Alimwuliza Mbaabu swali moja tu, "Siku ile mkifukia mara ya pili, mliweka mgomba?"

Hapakuwekwa kitu. Sote tulikimbia mvua.

Mbaabu alimtazama usoni, kwa heshima yote ya mkwe, akasema, "Tuliweka, mama. Mkubwa kuliko ule wa kwanza."

Alasiri nilimwona akishuka na panga, akaangusha mgomba mzima uliokuwa umebeba mkungu, akauburuta peke yake kwenye tope mpaka kule chini, akaanza kuchimba. Nilimwekea maji ya moto ya kuoga.

Jumatatu, Aprili 14

Nimemwomba Mwendwa. Tulikuwa tukiosha vyombo kwenye mfereji. Nilimweleza ugonjwa jinsi ulivyo, na kile ambacho Lorna anataka. Aliendelea kusugua sahani ile ile, povu mikononi.

"Mami, siwezi."

"Ni neno moja tu."

"Si nilishasema siku ile? Nilisema mpaka sauti ikaisha."

"Ile ilikuwa filamu."

"Na hii itakuwa nini? Mtu akiniambia niseme, hiyo si filamu tu?" Alianza kulia. "Anti nampenda, aki nampenda. Lakini mama yangu ni wewe. Siwezi sema kitu sisikii."

Sikumlazimisha. Na nitaandika ilivyokuwa: katikati ya huzuni ile nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba. Niliendelea kukisuuza kikombe kilichokwisha kutakata ili mtoto asinione uso.

Kwa Lorna nilisema, "Mpe muda." Aliitikia kwa kichwa, kwa upole, kama mtu anayemkubalia mlevi.

Alhamisi, Aprili 17

Mvua. Maziwa anameza, uji hapana.

Jumapili, Aprili 20, Pasaka

Ametaka kwenda kanisani akiwa Lorna. Mimi na Mwendwa tulimvalisha: gauni la dhahabu, tulilipunguza nyuma kwa pini, nywele, rangi ya midomo, viatu virefu. Alipojiangalia kwenye kioo aliushusha ukingo wa nywele kidogo upande wa kushoto, na ghafla akawa yule wa kwenye mabango. Sijui alifanyaje. Miaka yote nilidhani urembo ule ni wa kununua. Leo nimeona ni kazi, kama kulima, na ameifanya bila nguvu yoyote mwilini.

Kila aliyetaka picha alipata. Sauti imebaki mnong'ono, lakini tabasamu alilitoa kwa kila mtoto, kila mama, kila kijana wa bodaboda. Mama Ruguru naye alikuja, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, wala hakuuachia upesi. Tulipofika nyumbani Lorna alianguka mlangoni.

Jumatano, Aprili 23

Kivuti ameweka kipande cha filamu kwenye mtandao. Ni kile cha kaburini. Nchi nzima inamwangalia mtoto wangu akimwita mama. Mbaabu anasema hata Kangeta kwenye soko la miraa wamesimamisha biashara kukitazama. Lorna amekirudia siku nzima kwenye simu, kitandani, mpaka chaji ikaisha.

Jumapili, Aprili 27

Tumempeleka hospitali Embu. Mama amekaa naye kiti cha nyuma, kichwa cha Lorna mapajani. Leo Lorna hakuvaa zile nywele.

Jumamosi, Mei 3

Nimekwenda Embu na Mwendwa. Lorna haongei tena. Mwendwa alitoa chupa ya mafuta mfukoni, akaketi mwisho wa kitanda, upande wa miguu, akaanza kumpaka nyayo, polepole, kidole kwa kidole, akimwambia habari za shule, za mwalimu wa hesabu anayepiga chafya kila akiandika hesabu za sehemu ubaoni. Lorna alikuwa akiutazama mdomo wa mtoto. Kila Mwendwa alipofungua kinywa, macho yake yalifunguka zaidi. Niliona, na nikashindwa kukaa, nikatoka kwenda kusimama kwenye ujia.

Wakati wa kuondoka Mwendwa alimwinamia. "Kwaheri, anti. Jumamosi nakuja tena."

Lorna alipepesa macho kukubali.

Barabarani Mwendwa alichorachora kioo cha gari kwa kidole mpaka tukapita Chuka. Kisha akasema, akiangalia dirishani, "Mami, nafikiri Jumamosi nitaweza. Leo ilikuja mpaka hapa," akajigusa koo. "Nikaogopa wale wagonjwa wengine."

Alhamisi, Mei 8

Lorna ametutoka leo asubuhi. Nilikuwa darasani. Mvua haijakatika.

Ijumaa, Mei 9

Mwendwa hajalia. Ameosha vyombo vyote vya nyumba hii na vya Mama, hata vile vya kabatini. Nilimwambia hakukosea, kwamba hakuna aliyejua. Alisema, "Ilikuwa siku mbili tu, mami." Kisha akaanza kuosha sufuria upya.

Ijumaa, Mei 16

Tumemzika. Bundi amemchimbia juu kabisa ya boma, karibu na Baba, mbali na lile la filamu. Mama ndiye aliyechagua.

Walikuja watu ambao hata uwanja wa shule haungewatosha. Waigizaji wenzake wenye miwani myeusi, waheshimiwa wenye hotuba ndefu, wasichana waliovaa mshono wa Lorna, bega moja wazi kwenye baridi ya mvua. Wengi walikuwa wamekiona kile kipande. Mshereheshaji alipomwita binti wa marehemu aweke udongo wa kwanza, simu zilipanda juu zote kwa pamoja, nikaelewa wanachongoja.

Mwendwa alisimama ukingoni na konzi ya udongo. Nilisikia maji yakichuruzika kwenye hema.

"Mwite!" sauti ya mwanamke ilisema nyuma yangu. "Mtoto, mwite mama, kama ile siku!"

Aliangalia zile simu, aliangalia chini kaburini, akaufungua mkono, udongo ukaanguka. Hakusema chochote. Watu walinung'unika. Mwingine alisema mtoto wa siku hizi hana uchungu. Nilimgeukia huyo mtu, na Mbaabu akanishika kiuno, vinginevyo ingekuwa habari nyingine ya mtandaoni. Nilimfuata Mwendwa, nikamfunika kwa koti langu, tukashuka nyumbani huku wanaendelea kuimba. Nilimwambia, "Niko hapa, mtoto wangu."

Jumatano, Mei 21

Manyunyu. Amerudi shuleni. Haongei.

Jumapili, Mei 25

Jua limetoka, la kweli, la kukausha mahindi. Baada ya kanisa Mwendwa alisema anataka kupika yeye. Tuliketi jikoni tukimenya ndizi mbichi, mikono imeshika utomvu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi aliimba kidogo. Nilishukuru Mungu. Nilifikiri, sasa mtoto wangu anarudi.

Aliweka sufuria motoni, akafungua kabati.

"Anti, chumvi iko wapi?"

Niligeuka kuangalia nani ameingia. Mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu. Yeye alikuwa bado anapekua kabati, mgongo kwangu.

"Mwendwa?"

Aligeuka. Alikuwa anajua alichosema, nilimwona usoni. Macho yalikuwa yamejaa, lakini kidevu alikuwa amekikaza, kama Lorna kabisa.

"Mama hakusikia," alisema. "Sasa nitakuwa namwita yeye peke yake. Siwezi kuita wawili, anti. Nimejaribu wiki nzima, na kila nikikuita wewe naona ni kama namnyang'anya tena."

Nilitaka kumwambia kwamba Lorna ameshalala na hahitaji kitu, na mimi bado niko hapa. Nilitaka kumwambia ni nani aliyekesha na surua yake, na ni nani aliyemfundisha kusema. Lakini ni mimi, kwa kinywa changu, niliyemwomba ampe Lorna neno hilo, na amempa.

"Iko kwa kopo, juu," nilisema. "Weka kidogo."

"Sawa, anti," akasema, na mimi nikaitika.